Jina Nililolitamka kwa Sauti

Élisabethville, Katuba
Jumapili mchana

Simoni mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anagombana na sanduku lako ambalo halitaki kufungika. Mimi nimejifungia chumbani nikisema nina barua ya ofisini ya kumaliza. Ofisi gani inafanya kazi Jumapili? Mama yako hakuuliza. Mambo ya kwinini, ya chandarua na ya kutovua viatu ndani ya lori atakuambia yeye, na nakujua utamwitikia bila kusikiliza. Mimi nina jambo moja tu, na nataka uwe nalo mfukoni kabla hujafika Pweto kesho kutwa.

Leo mezani, ukiwa na tonge la bukari mkononi, ulituambia kwa furaha: "Baba, kule Pweto nitalala kwa Muzee Kabaso! Dereva wa camion ya samaki alileta neno yake. Anasema nyumba iko, kitanda iko. Na anasema: ambia baba yako asinikasirikie tena juu ya zile makelele."

Niliacha kula. Ulidhani nimekwamwa na mwiba, ukanipigapiga mgongoni. Haukuwa mwiba, Simoni. Hakuna kelele yoyote ambayo Mzee Kabaso alinipigia. Kelele zile zilikuwa zangu.

Unakwenda kuwafundisha watu watakaosimamia kura kule Pweto, ziwani kwetu. Safari hii ni nchi nzima, si miji michache kama mara ile, na umechaguliwa kwa sababu una cheti na mwandiko mzuri. Lakini bwana wa serikali alikuambia pia kwamba umechaguliwa kwa sababu ya baba yako, aliyewafundisha makarani wa kura ya kwanza katika mtaa huu. Ulirudi nyumbani siku ile umejaa fahari, ukanishika mkono kwa mikono miwili. Mimi nikatazama chini. Mama yako akasema baba yako ameona haya kama bibi harusi. Mlicheka nyote wawili, na mimi nikawaacha mcheke.

Basi nikueleze jinsi nilivyofundisha.

Miaka miwili iliyopita hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona sanduku la kura. Mzungu kijana alikuja na makaratasi yake, akatukusanya makarani ishirini katika darasa la shule, tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Yeye alisema Kifaransa, mimi niligeuza kwa Kiswahili. Siku ya tatu joto lilimshinda, akanipa chaki. "Donatien, endelea wewe." Mwanangu, jioni ile nilikwenda kununua tai. Mama yako aliiona, akasema wanaume wamejipa kazi ya kunong'onezana majina na sasa wanaivalia tai. Wanawake hawakupiga kura, unakumbuka, na hilo alilisema mara nyingi mwaka ule.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu asiyejua kuandika anaingia peke yake, wengine wanangoja barazani. Anamnong'oneza karani jina la anayemtaka. Karani anaandika, kisha anamrudishia jina lile, ili mtu awe na hakika kwamba kilichosemwa ndicho kilichoandikwa. Mzungu alituonyesha mwenyewe. Alimwinamia mtu wetu mmoja hadi pua ikakaribia sikio, akasema kwa chini kabisa. Tulicheka sana, kwa sababu tulikuwa tumezoea Wazungu wa kufoka, wa kunong'ona hatukuwahi kumwona.

Kwa mazoezi sikutaka majina ya watu, niliogopa fitina. Nikasimamisha vyakula: Bukari, Sombe na Samaki. Bukari alishinda kila siku. Samaki alikuwa na watu wake, sisi wa ziwani, tukampigia kura hata tulipokuwa hatuna njaa naye. Tulifanya mzaha juu ya hilo. Sasa siwezi tena kuucheka.

Kosa langu la kwanza ni hili, na ndilo unaloweza kulifanya wewe kesho kutwa bila kujua. Mimi mwalimu nilisimama nyuma ya darasa, karibu na dirisha, penye upepo. Nilitaka kusikia kama karani amerudisha jina sawasawa. Kila aliyenong'ona nilimwambia: "Sauti! Sisikii!" Wakapandisha sauti. "Tena!" Wakapandisha zaidi. Kwa wiki mbili darasa lile lilikuwa likipiga kelele "Bukari! Sombe! Bukari!" hadi watoto wa jirani wakawa wanatujibu kutoka barabarani. Niliwafundisha wenzangu wote kutangaza siri, na nikawapa alama nzuri waliotangaza vizuri.

Sasa nije kwa Mzee Kabaso.

Wewe unamjua kama mtu aliyekufundisha kuziba pancha na kunyoosha rimu ya baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi nilimjua kabla hujazaliwa. Alitoka ziwani kama sisi, akafanya kazi miaka mingi penye tanuru za kuyeyushia shaba, na tanuru zile zikamla masikio. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibaki kama mlango uliokwama, ukisukuma sana linafunguka kidogo.

Chama chetu cha watu wa ziwani kilikaa kabla ya kura. Tukakubaliana kwamba kura zetu zote ziende kwa mtu wetu, na atakayezipeleka kwingine ameuza mji wa baba zake. Unajua hofu iliyokuwepo mwaka ule: watu walisema Wakasai, waliotoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi huku, watachukua viti vyote, na sisi wenye udongo tutabaki kufagia ofisi zao. Uamuzi ule niliuandika mimi, nilikuwa mwandishi wa chama. Niliandika hata neno "ameuza". Mzee Kabaso alikuwa amekaa karibu na mlango, akitikisa kichwa kwa kila kitu, kama viziwi wanavyofanya ili wasisumbue watu.

Siku ya kura alikuja na koti la kanisani. Aliingia peke yake. Mzungu alikuwa ametoka kunywa maji, na karani mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameinamia orodha. Mzee aliweka mikono miwili juu ya meza yangu, akainama, akaninong'oneza: "Mukendi."

Mukendi seremala, Mkasai.

Alinong'ona, Simoni. Katika watu wote wa siku ile, hakuna aliyenong'ona vizuri kuliko yeye. Baadaye binti yake Ngosa alimwambia mama yako kwenye bomba la maji kwamba mzee alijizoeza wiki nzima jikoni, kwa kuwa alijua viziwi wana sauti kubwa. Alisema jina, binti akamwekea mkono kifuani: chini zaidi, Tata, chini zaidi. Alifanya mazoezi kuliko makarani wangu.

Na kwa nini Mukendi? Nilijua kwa nini. Mke wa mzee alipokufa, chama chetu kilikuwa bado kinabishana nani atoe mbao, na Mukendi alikuwa ameshapiga randa jeneza, akalileta kichwani mwake, akaenda zake bila kungoja asante. Mtaa mzima uliliona. Mimi nililiona.

Niliandika jina lile kama lilivyosemwa. Mkono wangu haukuiba, na kwa muda mrefu nimejificha nyuma ya mkono huo. Kisha nikamrudishia jina. Mara ya kwanza nilisema kwa chini. Hakusikia, akawa ananitazama mdomo. Mara ya pili nilisema kama nasimama nyuma ya darasa penye dirisha.

"Mukendi!"

Barazani pakanyamaza. Hata wauza karanga walinyamaza. Lakini Mzee Kabaso alitabasamu. Kwake yeye ulikuwa mnong'ono, labda wa kwanza kumfikia kwa miaka. Akapiga meza kidogo kwa kiganja kukubali kwamba ndilo, akasema, "Njo ile, Baba Simoni. Aksanti sana," akatia karatasi yake sandukuni na kutoka nje akiwa ameridhika, katikati ya watu waliokuwa wanamtazama.

Nimejipa sababu mbili, na zote ni kweli. Mzee alikuwa kiziwi. Mdomo wangu ulikuwa umezoezwa vibaya wiki mbili. Lakini ipo ya tatu, na hiyo ndiyo inayokaa na mimi. Niliposikia jina lile nilikasirika. Sauti ikapanda pamoja na hasira. Je, nilitaka barazani wasikie? Siku nyingine nasema hapana, mimi si mtu wa namna hiyo. Siku nyingine nakumbuka kwamba kabla ya kusema nilitazama mlangoni, na nilimwona mwenyekiti wa chama amesimama pale. Nilimwona kwanza, kisha nikasema. Siwezi kuliondoa hilo, hata nikilisukuma namna gani.

Mwenyekiti alinijia baada ya kura kufungwa. "Karani, nani alipika kelele mule ndani?"

Nikamjibu: "Muzee iko kiziwi."

Basi. Hayo tu. Sikusema uongo hata neno moja. Niliweka jambo la kweli mbele yake, nikamwachia amalizie mwenyewe, na akamalizia haraka. Kufikia jua kuzama mtaa mzima ulikuwa unasema ulimi hauna mfupa, Kabaso amejitangaza mwenyewe kuwa ameuza mji wa baba zake.

Kesho yake mchana alikuja nyumbani. Unakumbuka, kwa sababu alikuja na kuku. Jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Ulimfungulia mlango wewe. Akakaa kwenye kiti changu, akasema kwa sauti yake ile kubwa ya siku zote:

"Baba Simoni, unisamee. Banasema nilipika kelele mbele ya bantu. Mi nilizania nasema chini, lakini masikio ilikufa, siyue tena sauti yangu iko namna gani. Niliharibisha kazi yako. Wee ulifundisha bantu muzuri, na mi nikakupatisha haya."

Alikuwa ananiomba msamaha. Mtu pekee katika mtaa ambaye hakuweza kuisikia sauti iliyomwangusha alikuwa yeye mwenyewe, na alipoambiwa kwamba ni yake, akaamini.

Nilikuwa na muda wa kusema. Mama yako alikuwa uani, wewe ulikuwa umemshika jogoo. Ningemsogelea sikio lile la kushoto na kumwambia: si wewe, ni mimi. Lakini kumwambia yeye ni kuwaambia majirani wote, na nilikuwa bado nina tai shingoni. Nikamwambia kwa mkono tu, hivi, kwamba yamekwisha. Akafurahi. Jogoo tulimla Jumapili. Wewe ulikula paja, ukasema nyama yake ni ngumu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilikuwa nimekaa na kata mkononi nikiyatazama yakienda.

Kilichofuata unakijua, ila hukujua kinatoka wapi. Kwanza salamu ziliisha. Kisha wanawake wakaacha kumpisha Ngosa kwenye bomba. Kisha mtoto wa Ngosa, yule mdogo aliyependa kukaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yako, akapatwa na homa, na siku ya tatu akafa.

Ulichukua viti viwili vyetu na kuvitoa nje, kwa sababu kunapokuwa na kilio majirani wanapeleka viti. Mimi nikakuambia uvirudishe. Ulinitazama. Nikasema chama kimeamua hakuna mtu wa ziwani atakayekaa kwenye kilio kile. Hukubisha, na nilipenda kwamba hukubisha. Leo natamani ungebisha, ungenipita na viti vyako ukaenda. Lakini nilikulea usibishe, kwa hiyo na hilo ni langu.

Mchana ule tulikaa ndani na dirisha wazi. Kilio cha watu wetu unakijua, nyimbo, watu wamejaa hadi barabarani, wanawake wakipokezana sauti ili mwenye kufiwa apumzike. Kwa Mzee Kabaso ilisikika sauti moja, ya Ngosa. Ikichoka, palikuwa kimya, hadi aanze tena mwenyewe. Na katikati ya kimya hicho tulisikia nyundo. Mukendi alikuwa anapiga misumari ya jeneza dogo. Nilijikuta nahesabu misumari, nikasema ikifika kumi nitasimama niende. Ilifika kumi. Ilipita.

Mama yako alikuwa anachambua majani ya sombe. Akasema, bila kuinua kichwa: "Ngosa anasema baba yake alijua kunong'ona. Hata mi nilimusikia siku moja. Alinong'ona muzuri." Hatujalizungumza tena hadi leo, lakini siku hizi akinipa chakula anakiweka mezani, hanipi tena mkononi.

Mwezi uliofuata mzee alipanda lori la samaki na binti yake, kitanda na pampu ya baiskeli, akarudi Pweto. Mukendi alipata kiti chake, na alikipata kwa kura nyingi. Kura ya Mzee Kabaso isingepunguza wala kuongeza kitu.

Unanitania kwamba siku hizi naongea chini kama mtu aliye kanisani. Umesema ni vumbi la mji huu, umesema niende hospitali. Sina ugonjwa wa kifua. Tangu kilio kile, nikipandisha sauti hata kidogo, kumwita mtu tu uani, nasikia jina lile linanitangulia. Ofisini nimemwomba mwenzangu asome orodha ya asubuhi badala yangu. Nikiwa kwenye umati sokoni, mtu akimwita mwenzake kwa nguvu, najikuta nimegeuka, kwa sababu sauti ile ni yangu na imetoka kwa mtu mwingine. Naogopa koo langu mwenyewe, Simoni. Ni aibu mzazi kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Kuhusu kazi yako, sina mengi. Usisimame nyuma ya darasa. Nenda kaa mezani nao, sikio kwa mdomo, hata ukionekana mjinga, hata ikichukua siku nyingi. Mdomo hautabadilika siku yenyewe, utafanya ulichouzoeza. Kuhusu viziwi, nimefikiri miaka miwili na bado sijui. Labda watoke na karani hadi nyuma ya shule, mbali na foleni. Waulize watu wa Pweto, wana wavuvi wengi wazee, wao watajua namna. Na kuhusu hasira siwezi kukufundisha kitu. Karani wako anaweza kuwa mtu mwema mwenye tai nzuri, na bado akatazama mlangoni kwanza.

Utakapofika, Mzee Kabaso atakupokea kama mjukuu. Usiku wa kwanza atakusimulia jinsi alivyomharibia kazi baba yako, na atacheka ili usione haya. Nilipoanza barua hii nilikusudia kukuomba umwambie wewe. Hajui kusoma. Ukimsomea itabidi umpigie kelele, na nilifikiri heri iwe sauti yako, changa, isiyo na kosa. Nimeandika ombi hilo kwenye karatasi nyingine, nikaisoma, nikaichana. Nimeshautumia mdomo wa mtu mwingine mara moja, nilipomwachia mwenyekiti amalizie. Inatosha.

Kwa hiyo usimwambie kitu. Akikusimulia, msikilize, na nisamehe kwa ugumu wa kunyamaza nitakaokupa. Nimeshamwambia mama yako, sasa hivi, kupitia dirishani, kwamba wiki ijayo naomba ruhusa kazini na kupanda lori la Ijumaa. Hakuuliza nakwenda kufanya nini. Aliniuliza nataka kuku gani, mweupe au yule mwekundu. Nimesema mwekundu.

Nitafika Pweto mchana, wakati watu wanageuza samaki kwenye vichanja. Nitakaa upande wa kushoto wa mzee. Nitajaribu kwa chini kwanza, na hatasikia. Atanitazama mdomo. Itabidi nipandishe sauti, kisha nipandishe tena, mpaka wanawake wenye samaki wageuke, mpaka Ngosa atoke jikoni, mpaka wanafunzi wako wajue mwalimu wao ni mtoto wa nani. Sijui atafanya nini. Labda atanirudishia kuku wangu, na itakuwa haki yake.

Nakuomba jambo moja, usiondoke pale. Najua utatamani kwenda mbali. Kaa, hata kama utatazama chini. Ukiwa umeshajua mapema, labda utaweza kukaa.

Barua hii naitia ndani ya koti lako la mvua, mfuko wa ndani. Mama yako anaita, sanduku limefungika.

Baba yako,
Donatien